Makosa ya Inspekta Magbanua

Jumapili, 7 Julai

Makosa matatu leo kwenye mchezo wa runinga. Matatu kwa saa moja tu, na mvua inapiga bati mpaka nusu ya maneno sikuyasikia. Lakini mimi sihitaji maneno.

La kwanza: Inspekta Magbanua anamhoji wakili wa marehemu. Anapewa maji ya ndimu, anakunywa nusu glasi. Kamera inamgeukia wakili, inarudi — glasi imejaa! Hakuna aliyemwongezea. La pili: saa ya ukutani. Saa tatu na dakika kumi. Wakili anasema sentensi mbili, saa nne kasoro tano. La tatu: muuguzi kaingia nywele zikiwa nyuma ya sikio, kufumba na kufumbua, nywele zimemwagika begani.

Berto alikuwa anasinzia kitini na wembe wake wa kinyozi bado mfukoni. Akafungua jicho moja. Wewe mwanamke, akasema, unatazama mchezo au unakagua viatu?

Vyote viwili, mume wangu.

Miaka thelathini na mmoja nimekaa meza ya mwisho kiwandani. Kila jozi ilipita mikononi mwangu kabla ya kuingia kwenye boksi. Kushoto na kulia vifanane: mshono, rangi, kimo cha kisigino, mpaka idadi ya matundu ya kamba. Kiwanda kilipokufa walichukua mashine, walichukua meza, walifunga lango. Macho yangu hawakuyachukua.

Nimeyaweka yote matatu kwenye ukurasa wangu, Jicho la Nila. Nalala na furaha yangu.

Jumatatu, 8 Julai

Watu elfu nne wamesoma. Elfu nne! Marikina nzima, mji wetu wa viatu, tulikuwa na washonaji wengi, lakini hawakupata kunisikiliza elfu nne kwa mpigo.

Sokoni, Dading muuza samaki kaniona kwa mbali, kapaza sauti: "Ficheni mizani jamani, Jicho linapita!" Watu wakacheka. Nikamwambia nipe yule wa tatu kutoka kushoto, huyo wa mbele umemmwagia maji aonekane ametoka ziwani leo. Wakacheka zaidi. Dading kanifungia wa tatu.

Jumapili, 14 Julai

VIATU!

Wamethubutu kufanya kosa la viatu, na mimi nimekaa hapa!

Inspekta anamkimbiza dereva wa marehemu kwenye mvua, vichochoro vya bandarini. Viatu vya kahawia, vya kamba, soli ya mpira. Anakata kona — viatu vyeusi, vya kuchomeka, havina hata kamba. Anamrukia dereva. Kahawia tena!

Nimepiga ukelele mpaka jirani kagonga ukuta. Berto kadhani nimeona nyoka.

Nimepiga picha runinga, nimeziweka mbili kando kwa kando. Chini nimeandika: "Inspekta wetu ni hodari. Anabadilisha viatu akiwa mbioni."

Jumanne, 16 Julai

Elfu sitini! Mtangazaji wa redio ameyasoma maneno yangu asubuhi huku akicheka. Binamu yangu amenipigia kutoka Dubai anasema hata kule wameziona picha. Gazeti limeniita "mama mwenye macho ya mwewe". Nimelinunua mara mbili, moja la kusoma, moja la kuweka.

Kule kiwandani hakuna aliyewahi kuliandika jina langu popote. Kiatu kizuri kilibeba jina la mwenye kiwanda.

Jumatano, 17 Julai

Leo kaja mgeni. Naandika polepole nisije nikajipendelea.

Mchana, mvua ile ya kulala. Mlangoni kasimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, tumbo kubwa la miezi saba, nywele zinatiririka maji, kakumbatia daftari nene lililofungwa kwa mfuko wa plastiki. Yeye kalowa, daftari kavu. Hilo nililiona kwanza.

Kasema: "Samahani Mama, ndiwe Jicho la Nila? Mimi naitwa Jovelyn Arceo. Mimi ndiye yale makosa yako."

Sikuelewa. Akaeleza. Kwenye mchezo wa Inspekta Magbanua yeye ndiye anayeangalia vitu visibadilike ovyo. Glasi, saa, nywele, viatu. Wanapiga picha za mwisho asubuhi na za mwanzo jioni, kila kitu shaghalabaghala, na yeye ndiye anayekumbuka. Peke yake. Siku ya viatu alikuwa kliniki na hawakumweka mtu badala yake. Jana kapewa barua ya onyo. Likitokea jingine la kuchekwa na nchi nzima, asirudi.

Berto kamletea uji wa mchele na tangawizi bila kuulizwa. Kamwekea na taulo.

Nikaomba kuona daftari. Siku nyingine namwona mtu kwa mwandiko wake, na huyu — ukurasa baada ya ukurasa, picha ndogo zimebandikwa, mishale, "sigara imebaki robo", "tai imelegea upande wa moyo". Kazi safi. Ingepita kwenye meza yangu bila kurudishwa.

Akasema zimebaki sehemu mbili tu msimu uishe, zote zimekwisha kupigwa, hawezi kurekebisha kitu. Je, naweza kunyamaza Jumapili mbili tu?

Nikamwambia hapana.

Nilimwambia, nakumbuka kila neno: "Mwanangu, kwenye meza yangu kiatu kibovu hakikuingia boksini kwa sababu aliyekishona ana mimba."

Hakulia. Kamaliza uji, kakunja taulo vizuri, kaandika namba yake ya simu kwenye karatasi, kaiweka chini ya bakuli. Kashukuru. Kaenda.

Berto hajasema nami tangu hapo. Ananoa wembe wake.

Alhamisi, 18 Julai

Nilisema kweli. Kweli ni kweli.

Leo Berto kanipikia samaki mkavu bila nyanya, na anajua siwezi kula bila nyanya.

Jumapili, 21 Julai

Ee Mungu wangu. Kaa chini, Nila. Andika kwa utaratibu.

Sehemu ya kumi na moja, bado moja. Mjane wa marehemu, Donya Ursula, ni kiwete tangu sehemu ya kwanza. Mguu wa kushoto. Anatembelea mkongojo, ndiyo maana hakuna anayemshuku — muuaji alipanda ukuta wa bustani, na yule bibi hata ngazi tatu hupandishwa na watu wawili.

Leo yuko kanisani. Mkongojo ameushika mkono wa kulia. Kwenye mazishi aliushika wa kushoto! Nikachukua kalamu. Nikasema, haya Jovelyn, pole sana mwanangu, lakini hili hata kipofu kaliona.

Kisha Donya Ursula kapiga magoti.

Mtu akipiga magoti, soli zinatazama nyuma. Kamera ilikuwa nyuma. Nikaziona. Visigino viwili, vimelika. Vimelika SAWASAWA.

Haiwezekani! Kiwete wa miaka kumi, mguu mzima ndio unaobeba mwili. Kisigino chake huisha, cha mguu mbovu hubaki kama kipya. Nimeona mamia ya viatu vya namna hiyo vikiletwa kufanyiwa ukarabati. Visigino vya Donya Ursula ni vya mwanamke anayetembea wima, kwa miguu miwili, kila siku, watu wasipomwona.

Nilitaka kuandika "kosa". Kalamu ikagoma. Maana kosa hupita pembeni — glasi kwenye kona, saa nyuma ya kichwa cha mtu. Hakuna anayelielekezea kamera. Hizi soli ziliwekwa katikati ya kioo, kamera ikatulia pale, nikahesabu moja, mbili, tatu. Mtu alitaka zionekane.

Si kosa. Mkongojo pia si kosa. Bibi anasahau upande kwa sababu si kiwete!

Namjua muuaji. Nchi nzima inamshuku dereva, mimi Leonila Baltazar nimekaa na kandambili zangu namjua muuaji wiki nzima kabla.

Nikamwambia Berto. Kanitazama. Maneno ya kwanza tangu Jumatano: "Sasa utafanyaje?"

Nikiandika mkongojo peke yake, nitakuwa nimesema ni kosa, na si kosa. Nikiandika visigino, nimewaharibia wote, na huyo msichana na daftari lake. Nimekaa na simu mkononi mpaka imepata moto. Kisha nimeiweka chini ya mto.

Leo sijaandika kitu. Mara ya kwanza tangu mchezo uanze.

Jumanne, 23 Julai

Wanauliza. "Jicho limefumba?" "Mama kapata mtoto wa jicho." Hizo nacheka. Lakini mmoja kaandika: "Stesheni ya runinga imemlipa, kanyamaza." Na watu mia saba wameipenda hiyo.

Kulipwa! Mimi! Msimamizi wa kiwanda aliwahi kuniletea keki nzima nipitishe jozi mia mbili zenye gundi mbaya. Keki nikaila na jozi nikazirudisha.

Ukurasa mwingine, wa kijana fulani wa Cebu, umeweka picha mbili za mkongojo. Kulia, kushoto. Anacheka: "Hata Jicho la Nila halikuona hili! Na anayeangalia makosa kwenye mchezo huu ni nani, afukuzwe leo."

Nilikuwa na jibu. Maneno matano tu yangemlaza kijana huyo chali. Nimeyameza. Yana uchungu wa ampalaya, mboga ile chungu, ikiwa mbichi.

Jumatano, 24 Julai

Nimetoa ile karatasi ya chini ya bakuli. Nimemtumia Jovelyn ujumbe: "Visigino vya mjane si kosa. Nani alivikwangua?"

Dakika ishirini zikapita. Kisha: "Mimi, Mama. Viatu vilitoka dukani vipya. Nilikaa navyo siku mbili na tupa, nikivikwangua. Dairekta aliomba mkongojo tu. Visigino nilivifikiria mwenyewe, nikamwomba sekunde tatu za kamera."

Na chini yake: "Hakuna mwingine aliyeona. Hata mmoja. Nilidhani nimejisumbua bure."

Nimesoma mara nyingi. Siku mbili na tupa! Na pembe za kisigino kazizungusha vizuri, hazikuwa na makali ya chuma — nilidhani ni viatu vya miaka mitatu. Mimi! Kanidanganya mimi, mkaguzi!

Nimemjibu: "Hukujisumbua bure." Nikaongeza: "Siku ile ya uji nilikuwa mkali mno." Akatuma kikaragosi kinachotabasamu. Sijui kama ni msamaha au adabu.

Leo samaki ana nyanya.

Jumapili, 28 Julai

Sebule imejaa. Majirani, Dading na dada zake, watu tisa kwenye kochi la watu wanne, pansit, tambi zetu za sherehe, kwenye sinia. Wote wamekuja kuona mwisho kwa Jicho la Nila, na kunitania. "Leo umevaa miwani, Nila?" Nimekula pansit yangu.

Saa mbili kasoro robo, Inspekta anaweka viatu vya Donya Ursula mezani, amevipindua. Anasema: "Donya, viatu vyako vinasema ukweli kuliko wewe."

Kelele! Dading kamwaga soda. Dada yake anasema visigino gani, lini, mbona sikuviona? Donya Ursula anautazama mkongojo wake, anautupa, anasimama wima kama askari. Wote wanapiga makofi.

Na Berto — mume wangu asiyesema kitu — kasimama katikati ya sebule na kutangaza: "Mke wangu aliviona Jumapili iliyopita. Mimi ni shahidi. Alijua, akanyamaza."

Watu wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo. Siku yangu ya harusi walitazama gauni.

Nimeandika kwenye ukurasa: "Nilinyamaza kwa sababu halikuwa kosa. Visigino vile vilikwanguliwa kwa tupa kwa siku mbili na mwanamke anayeitwa Jovelyn Arceo. Nimekagua viatu miaka thelathini na mmoja. Sijaona kazi nzuri kuliko hiyo."

Hiyo tu.

Ijumaa, 2 Agosti

Laki mbili na nusu. Kijana wa Cebu ameomba radhi, tena akimtaja Jovelyn kwa jina. Barua ya onyo imefutwa.

Simu leo asubuhi. Sauti nzito: Dairekta Tansingco mwenyewe. Nilikuwa nafua, nikamjibu na povu mkononi. Daktari amemwamuru Jovelyn alale mpaka ajifungue. Wanaanza kupiga msimu mpya wiki ijayo. Wamemuuliza nani amshikie nafasi. Kataja jina moja.

"Mama, uko tayari kukaa upande wa pili wa runinga?"

Nikasema nitafikiria. Nilifikiria kwa muda wa kufuta povu sikioni.

Berto amenikata nywele vizuri. Kasema kazini kwako kupya waone kichwa kilichokaguliwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya kwanza. Nyumba kuukuu huko Malabon, madirisha ya magamba ya chaza, nyaya sakafuni kama mikunga. Nimeandika asubuhi mistari michache ya furaha — kiti changu kina jina langu nyuma! — lakini nimeichana. Naandika upya, sasa hivi, nimekaa ngazini. Saa kumi na moja na nusu.

Ilikuwa hivi. Inspekta Magbanua anarudi nyumba aliyozaliwa, anaikuta barua ya mama yake. Asubuhi walipiga kwa mbali: Quiason, mwigizaji wa Inspekta, anaingia mlangoni akinitazama, koti begani, mkono mmoja wa shati umekunjwa. Nikaandika kwenye daftari la Jovelyn kwa mwandiko mzuri: *mkono wa kulia umekunjwa*. Nikapiga na picha kwa simu kama alivyonifundisha.

Mchana wakamvua shati asile nalo. Alasiri mtu wa mavazi akaniuliza, Mama, mkono upi? Nikasoma daftari: kulia. Picha ilikuwepo kwenye simu. Sikuitazama. Niliamini macho yangu.

Wakapiga kwa karibu. Jua linaingia dirishani la dhahabu, barua mikononi mwake. Na akalia. Si machozi ya dawa. Wanasema alimzika mama yake Mei. Mabega yalitikisika, sauti haikutoka. Mtu wa taa analia. Mimi nalia. Dairekta kanong'ona "Tumepata", kisha watu wote wakapiga makofi, mimi kwa nguvu kuliko wote.

Ndipo nikatazama picha. Ya kujifurahisha tu.

Asubuhi alikuwa amenielekezea uso. Kulia kwangu ni kushoto kwake.

Nimesimama pale na simu. Hakuna aliyejua. Dairekta anampa Quiason maji. Wa mavazi — binti mpole, Tessie — kaja kunichungulia begani, kaona picha, kaona uso wangu. Akanong'ona: "Mama, nyamaza tu. Kwa kilio kile nani atatazama shati?"

"Mimi ningetazama," nikamwambia. "Jumapili ile ile. Ningeweka picha mbili kando kwa kando, nikaandika maneno ya kuchekesha chini."

Nikanyanyua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema mkono wa shati ni upande usio wake. Dairekta kasema haiwezekani, leteni daftari. Kasoma. "Nani aliandika kulia?"

"Mimi."

"Na nani alikagua?"

"Mimi, Dairekta. Kosa ni langu, si la mavazi."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Katazama dirisha — jua limebakisha nusu saa, labda chini ya hapo. Kamtazama Quiason, ambaye bado ana macho mekundu na barua mkononi. Kisha kasema kila mtu abaki alipo, na kamchukua Quiason nyuma ya pazia.

Wako huko sasa. Nasikia sauti, sisikii maneno. Tessie ameniletea chai bila kunitazama. Wa taa wananitazama sana. Labda leo ndiyo siku yangu ya kwanza na ya mwisho, na kile kiti watakifuta jina. Lakini mgongo umenyooka, naandika ukweli: mgongo umenyooka. Naliona kosa hata likiwa na mwandiko wangu.

Pazia limesogea. Quiason anatoka peke yake. Hacheki. Anakuja moja kwa moja ngazini, njiani amekunjua shati mikono yote miwili, imening'inia. Amesimama mbele yangu, ananinyooshea mikono kama mtoto anayevalishwa.

"Haya Mama," anasema. "Upi?"

Ngoja kwanza nitazame picha.